Chembe za mshale za greni 100 au 125 kwa kudu?

Kaka, nimekuelewa: uko Nakuru, unaenda kwa shemeji yako Afrika Kusini kuwinda swala na kudu (tandala) kwa upinde, na hujui ubebe chembe (vichwa vikali vya mshale) za greni 100 au 125; greni ni kipimo kidogo cha uzito.

Kwa swala, 100 inatosha. Kwa kudu ningechukua 125, zile za makali yasiyokunjuka, zinolewe mpaka zinyoe nywele za mkono. Ila usibadilishe hivi hivi tu! Uzito wa mbele hufanya mshale ujipinde zaidi unapoachiwa, na ukiwa laini utakwenda kombo. Huenda ukahitaji mishale migumu zaidi, au kuifupisha kidogo. Anza na ncha za mazoezi za uzito uleule, kisha chembe zenyewe. Zikigonga mahali tofauti, mpelekee fundi upinde aurekebishe. Tofauti ni gramu 1.6 hivi, lakini kwa mbali mshale mzito hushuka mapema.

Hapa kwetu usijaribu hata kwa sungura wa Menengai: uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku 1977. Piga shabaha tu. Vibali na uzito wa mshale unaokubalika huko, muulize mwenye shamba kabla hujalipa nauli.