Siku ya tatu haina mwenyewe

Wewe unayeanza zamu za wodini, sina haja ya kukuhimiza uharakishe. Mgonjwa wa maambukizi makali, presha imeshuka, anahema, mikono ya baridi: kila mtu atakimbia, na antibayotiki itaingia ndani ya saa 1 kama inavyotakiwa. Kinachosahaulika ni damu ya kuotesha, ile inayopelekwa maabara kuona kama bakteria wataota. Ichukue kabla ya dawa, na ijaze chupa. Mtu mzima anahitaji mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, tena sehemu mbili tofauti za mwili. Mimi nilikuwa natia mililita 2, majibu yanarudi "hakuna kilichoota", nami naamini! Bakteria kwenye damu ya mtu mzima huwa wachache mno. Ukichota kidogo unawakosa. Lakini mshipa ukigoma, usimcheleweshe mgonjwa, mpe dawa.

Figo zikiwa mbovu utashawishika kupunguza dozi ya kwanza. Kwa dawa nyingi hilo ni kosa. Dozi hiyo kazi yake ni kufikisha dawa kiwango kinachotakiwa mwilini. Zinazofuata ndizo za kupunguza au kuzitoa kwa kupishanisha saa nyingi zaidi.

Usisubiri homa kwa wazee. Bibi aliyeongea vizuri jana, leo hamtambui mwanawe na joto ni 36.4: mtafutie maambukizi kabla hujaandika "uzee". Na aliye kwenye dawa za saratani, chembe nyeupe za damu zikiwa zimeshuka, joto la 38 lililodumu saa nzima ni dharura hata kama picha ya kifua ni safi. Usaha hutengenezwa na chembe hizohizo ambazo hana, kwa hiyo usitegemee kuuona.

Sasa siku ya tatu. Niliwahi kurithi mgonjwa aliyekuwa siku ya 11 ya meropenemu, antibayotiki nzito. Kila daktari alinakili chati ya jana akidhani mwenzake ndiye aliyeamua. Majibu ya maabara yalikuwa ndani ya faili, yamekunjwa nyuma ya fomu ya damu: bakteria ambao hata ampisilini, antibayotiki nyepesi, ingewaua. Tangu hapo, ninapoandika dawa naandika palepale tarehe ya kuipitia upya, kati ya saa 48 na 72. Siku hiyo nauliza kama maambukizi yapo kweli, kama dawa nyepesi inatosha, kama anaweza kumeza vidonge, na lini tunasimamisha. Daktari bingwa anaweza kununa ukimuuliza kwenye raundi. Muulize tu.

Na kama hapati nafuu, usikimbilie kuongeza dawa ya tatu. Usaha uliojifungia dawa haiufikii vizuri, unatakiwa kutolewa. Mgeuze mgonjwa, tazama mgongo, tazama pale kanula, kijirija cha kupitishia dawa mshipani, ilipochomwa, kagua mrija wa mkojo. Mara mbili nimekuta jipu chini ya bandeji ambayo hakuna aliyeifungua tangu mgonjwa alazwe.