Mkuu, usikubali fundi aguse waya wa taa kubwa

Simama hapo hapo. Unataka taa za ziada za gari lako, umeuliza ununue ule upau mrefu wa LED wa kufunga juu ya paa au taa mbili za duara za kwenye bampa. Ukauliza nyeupe au njano. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka kutaja chumvi, ukaandika kwamba fundi "atachukua moto kwenye waya wa fulu, kazi ya nusu saa", yaani umeme wa taa mpya atauvuta kwenye waya wa taa kubwa za gari. Watu wamebishana kuhusu rangi ukurasa mzima na hakuna aliyeigusa hiyo sentensi. Mimi nilipoisoma nilisikia harufu ya plastiki inayoungua, na sitanii.

Nusu saa ndiyo niliyoambiwa hata mimi. Na kweli ilichukua nusu saa. Kurekebisha kulichukua wiki tatu.

Nilikuwa na spotilaiti mbili za halojeni, taa za kumulika mbali, wati 100 kila moja, za duara, nzito, nazipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Fundi akatafuta waya wa fulu nyuma ya taa ya kulia, akabana kile kiklipu cha plastiki chenye kijiwembe ndani, akazungusha tepu, akawasha. Ukutani nikaona mpaka nyufa za rangi. Nikampa na ya soda juu.

Kesho yake usiku fyuzi ikakata. Nikarudi kwake. Akachomoa fyuzi ya ampea 15, akachomeka ya 30, akaniambia: "Hii haikati tena, bosi." Namshukuru kwa ukweli wake, maana fyuzi haikukata tena. Viliungua vingine vyote.

Piga hesabu ambayo mimi sikuipiga. Wati gawanya kwa volti unapata ampea. Balbu zangu za kiwandani ni wati 60 kila upande kwenye fulu, jumla 120, gawanya kwa 12, ampea 10. Kwenye gari langu zote mbili zinapita fyuzi moja ya 15, na waya wake umepimwa kwa kazi hiyo. Ongeza wati 200 za spotilaiti. Jumla 320, karibu ampea 27. Umeona balaa lilipo? Waya wa kubeba 10 unabebeshwa 27, na mlinzi aliyewekwa mlangoni haamki mpaka ipite 30. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya, hailindi taa. Ukiweka kubwa kuliko uwezo wa waya, waya wenyewe unageuka fyuzi, tena fyuzi yenye urefu wa mita kadhaa iliyopita nyuma ya dashibodi yako.

Ilinikuta kwenye mteremko, njia ya mawe, saa tano usiku. Kwanza ule mkono wa swichi ya taa ulikuwa na joto. Nikajiambia ni kiganja changu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu. Baadaye kidogo harufu, kisha moshi mwembamba chini ya usukani, kisha taa zote zikazimika kwa mkupuo: spotilaiti, fulu, dimu, hadi taa za dashibodi. Nilishika breki bila kuona ninakosimama. Kilichoniokoa ni spana namba 10 iliyokuwa chini ya kiti. Nikafungua boneti, nikalegeza kichwa cha betri huku simu nimeing'ata mdomoni inimulike. Mtu aliyefunga taa za kuona mbali, anamulikiwa na simu iliyojaa mate. Nililala garini mpaka kukapambazuka.

Walipofungua waringi, nyaya saba zilikuwa zimeshikana kama tambi zilizopoa sufuriani. Swichi ya taa imeyeyuka. Na hata baada ya kutengenezwa mara ya kwanza, nikiwasha indiketa ya kushoto honi inalia. Kila kona watu wananipungia mkono wakidhani nawasalimia. Nilipata marafiki wengi kipindi hicho.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja tu, na nitairudia mpaka unichoke: nunua nyaya kwanza, taa baadaye. Njia mpya ya moto itoke moja kwa moja kwenye chanya ya betri. Fyuzi ikae kiganja kimoja tu kutoka betri, isiwe kule mbele karibu na taa, kwa sababu kipande chote cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Waya uwe mnene. Kwa mzigo kama wangu nimeweka wa milimita 4 za mraba na fyuzi ya 25. Halafu rilei, swichi inayowashwa na umeme kidogo ili ipitishe umeme mwingi. Miguu yake imeandikwa namba: 30 inapokea moto wenye fyuzi, 87 inapeleka kwenye taa, 85 na 86 ni za koili, ile sumaku ya ndani inayoifunga swichi. Ule waya wa fulu anaoutaka fundi wako unaruhusiwa kufanya kazi moja tu, kuiamsha koili, ambayo haili hata robo ya ampea. Upitishe kwanza kwenye swichi ndogo ya dashibodi. Ukishusha taa kumpisha anayekuja, za ziada zinazima zenyewe, humpofushi mtu. Waya unapopita tundu la bati kuingia ndani uvalishe raba, bati linakata kama wembe. Hasi irudi kwenye betri, au kwenye bodi ya gari mahali palipokwanguliwa rangi.

Fundi akikwambia "rilei ya nini, mbona wengine hawaweki", mshukuru, chukua ufunguo wako, ondoka. Wangu alisema maneno hayo hayo akitabasamu.

Na usidhani hili ni la usalama peke yake. Waya mwembamba unakula mwanga. Balbu ya halojeni ikipungukiwa volti kwa asilimia 10 tu inapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Zile zile spotilaiti zangu, baada ya kuziwekea njia yao, nilidhani nimebadilishiwa.

Mtu atakuja kusema LED hazili umeme, kwa hiyo haya hayamhusu. Yanamhusu. Upau ulioandikwa wati 300, kama maandishi yana ukweli, ni ampea 25. Kama hayana ukweli, basi umeuziwa maandishi. Nilipima mmoja wa jamaa yangu ulioandikwa 180: ulikula ampea 5. Yaani kama wati 60. Tulicheka, yeye kidogo kuliko mimi.

Haya, swali lako. Weka za bampa. Za paani zinamulika boneti yako na kila chembe ya vumbi iliyo mbele ya kioo, unaona ukuta mweupe, na upepo unapiga mluzi safari nzima. Spoti kwa mbali, za kumwaga mwanga pembeni kwa kona. Ukiweza moja ya kila aina, sawa. Rangi chagua unayopenda, ila ule weupe unaokaribia ubluu unachosha macho kwenye vumbi, na njano inavumilika zaidi. Kulikuwa na kitu kingine uliuliza, nadhani kuhusu kutoboa bampa, kimenitoka.

Ukimaliza tupia picha. Za taa tumeziona nyingi. Nataka ya fyuzi na betri, kabla fundi hajafunga boneti.