Kwa timu ndogo, tracd inatosha

Siku tatu ziliniishia nikihangaika na seva ya wavuti ya Apache ili timu ya watu tisa ipate mahali pa kuandikia tiketi, yaani kazi na makosa yanayosubiri kushughulikiwa. Moduli hii haipatani na toleo lile la Python, ruhusa za folda zinagoma, ukurasa unatoka mweupe bila hata neno moja la kosa. Siku ya nne nikafunga yote, nikaandika mstari mmoja kwenye terminali:

tracd -s --port=8000 /srv/trac/mradi

Trac ikafunguka. Wiki ipo, tiketi zipo, orodha ya matukio ipo. Nikajiambia hii ni ya muda tu, wiki ijayo nitarudi kwenye Apache. Sikurudi. Mstari ule, pamoja na nyongeza chache nitakazozieleza, ndio uliotubeba mpaka mradi ukaisha.

Kwa asiyeijua, Trac ni programu huria ya kusimamia miradi, imeandikwa kwa Python. Ilianza kama jaribio la kuiunda upya CVSTrac, kazi ya D. Richard Hipp, yule yule aliyetuletea hifadhidata ndogo ya SQLite. Ndani ya kifurushi chake mna seva ndogo inayojitegemea iitwayo tracd. Haihitaji seva nyingine ya wavuti, iwe Apache au nginx, ili iwake. Ukishaunda mazingira ya mradi kwa amri ya trac-admin na neno initenv, unaielekeza tracd kwenye folda hiyo, basi.

Swali ninaloulizwa kila mara ni kama itabeba mzigo. Itabeba. Hushughulikia maombi kadhaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo mtu akifungua ripoti nzito hawasimamishi wenzake. Kinachobana mapema zaidi ni SQLite, ambayo usipochagua hifadhidata nyingine ndiyo Trac huitumia, nayo humruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati. Watu tisa wanaofungua na kufunga tiketi hawaigusi mipaka hiyo. Mimi nilipata kosa la hifadhidata kufungwa siku moja tu, nilipoendesha skripti ya kuingiza mamia ya tiketi za zamani saa nne asubuhi, wenzangu wakiwa katikati ya kazi. Skripti kama hizo ziendeshe usiku. Na faili ya SQLite ikae kwenye diski ya mashine yenyewe, isiwekwe kwenye diski ya mtandao, kwa sababu ufungaji wa faili huko hauaminiki na data inaweza kuharibika.

Kila nilipoumia, basi, kosa halikuwa la tracd. Lilikuwa pembeni yake.

Tuanze na anwani. Ule mkato wa -s unamaanisha mradi ni mmoja, na ukurasa wake unapatikana moja kwa moja kwenye mzizi wa anwani. Usipouweka, mzizi utaonyesha orodha ya miradi, na mradi wako utakuwa chini ya jina la folda yake. Amua mapema. Kwenye mradi mwingine nilianza bila -s, nikauongeza baada ya miezi miwili, na viungo vyote ambavyo watu walikuwa wamevihifadhi au kuvinukuu kwenye barua pepe vikafa siku moja. Malalamiko yake niliyasikia muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Kubwa zaidi ni hili: usipoiambia vinginevyo, tracd husikiliza kwenye anwani zote za mtandao za mashine. Mstari wangu wa kwanza hapo juu una kasoro hiyo. Mashine ikiwa na anwani ya hadharani na ukuta wa moto haujafungwa, mtu yeyote anaingia. Na Trac mpya humpa mgeni asiyejitambulisha ruhusa ya kusoma karibu kila kitu: wiki, tiketi, hata msimbo ulioiunganisha nao. Hawezi kuandika, lakini anasoma. Kwa mradi huria ni sawa kabisa. Kwa mradi wa mteja ni aibu. Niligundua hali hiyo kwa bahati, nilipofungua anwani yetu kwenye simu ya mtu mwingine na kujikuta nasoma tiketi zetu bila kuulizwa jina. Jioni ile ile nikafanya mambo mawili: nikaongeza --hostname=127.0.0.1 ili seva isikilize ndani ya mashine tu, na nikaendesha hii:

trac-admin /srv/trac/mradi permission remove anonymous '*'

Baada ya hapo ndipo uweke proksi mbele, yaani seva inayosimama kati ya watumiaji na tracd. Najua nimetoka kusema Apache ilinishinda, na sasa nakwambia uweke seva nyingine mbele. Lakini proksi ni kazi tofauti. Haihitaji kujua chochote kuhusu Python. Inapokea maombi, inayapeleka poti 8000, inarudisha majibu. Unaihitaji kwa sababu tracd yenyewe haina HTTPS, yaani mawasiliano yaliyosimbwa. Ukitumia seva iitwayo Caddy, mistari mitatu ya usanidi inatosha na cheti inajitafutia yenyewe. Ukitumia nginx kuna kazi kidogo zaidi, na kuna mtego mmoja ulionichekesha baada ya kunikasirisha.

Nginx isipoelekezwa, haiipelekei tracd jina la tovuti lililoombwa na kivinjari. Huipelekea anwani ya nyuma, yaani 127.0.0.1:8000. Trac nayo, ukishahifadhi tiketi, hukuelekeza kwenye ukurasa wa tiketi hiyo kwa kutumia jina ililopewa. Matokeo yake kila aliyehifadhi tiketi alitupwa kwenye poti 8000 ya kompyuta yake mwenyewe. Wengi walipata ukurasa wa kosa. Mwenzetu mmoja alikuwa na programu yake ya majaribio kwenye poti ile ile, kwa hiyo alipohifadhi tiketi aliiona kazi yake mwenyewe, akanipigia simu kuniuliza nani ameiweka programu yake hadharani. Tulibishana dakika ishirini kabla mmoja wetu hajasoma anwani juu ya kivinjari.

Dawa yake iko sehemu mbili. Kwenye nginx, ongeza proxy_set_header Host $host. Kwenye trac.ini, faili ya usanidi ya mradi, chini ya sehemu ya trac, andika base_url yenye anwani kamili ya https, kisha uiwashe use_base_url_for_redirect, kwa sababu tracd haina namna ya kujua kwamba huko mbele mtumiaji alikuja kwa https. Hiyo base_url usiiache hata kama huna proksi: viungo vilivyomo ndani ya barua pepe za taarifa vinaitegemea. Na ukishakuwa na https, washa pia secure_cookies, ili vidakuzi vya kuingia visafiri kwa https tu.

Sasa nywila. Ukiiwasha tracd bila kuipa faili ya watumiaji, kitufe cha kuingia kitaonekana, lakini ukikibofya utaambiwa taarifa za utambulisho hazipo. Wengi hudhani wamekosea usakinishaji mzima. Hawajakosea, wamesahau tu --basic-auth au --auth. Mkato huu unachukua vitu vitatu vilivyotenganishwa kwa koma: jina la folda ya mradi, njia ya faili ya nywila, na jina la eneo (realm). Hilo la kwanza ni jina la folda, si jina zuri ulilolipa mradi na linaloonekana juu ya ukurasa. Nilikaa saa nzima nikiandika nywila sahihi na kukataliwa kwa sababu folda iliitwa mradi nami niliandika jina refu la mradi lenye herufi kubwa. Ukitumia --auth, yaani mtindo wa dijesti, jina la eneo nalo lazima lifanane herufi kwa herufi na lile ulilotumia kutengeneza faili.

Kipi bora kati ya hizo mbili? Kama una https mbele, chukua --basic-auth, ni rahisi. Kama huna https, usiitumie kabisa: nywila husafiri ikiwa imegeuzwa umbo kwa base64 tu, na kuirudisha katika umbo lake hakuhitaji ufundi wowote.

Kuna wanaopenda proksi ndiyo iulize nywila, kisha iitajie tracd jina la mtumiaji. Inawezekana kwa programu-jalizi ndogo, ila hapo tracd inaamini jina lolote litakaloletwa kwenye kichwa cha ombi. Mtu akiifikia poti 8000 bila kupitia proksi, anajiita msimamizi na anakuwa msimamizi. Mimi niliiacha tracd iulize yenyewe. Nginx hupitisha utambulisho wa mtumiaji bila kuambiwa chochote.

Umiliki wa mafaili nao ulinisumbua. Mazingira ya kwanza niliyaunda nikiwa root, mtumiaji mkuu wa mfumo, kisha nikaiendesha tracd kwa mtumiaji wa kawaida. Kurasa zilifunguka vizuri, kila mtu akafurahi, mpaka mtu alipojaribu kuhifadhi: hifadhidata ni ya kusomwa tu. Nikampa yule mtumiaji umiliki wa faili ya trac.db. Bado. SQLite inapoandika hutengeneza faili ya pembeni kwenye folda ile ile, kwa hiyo folda ya db yenyewe lazima iandikike pia. Mpe mtumiaji huyo folda yote ya mazingira umalize. Na tafadhali usiikimbize tracd kama root ati kwa sababu poti 80 inadai hivyo. Poti 80 ni kazi ya proksi.

Ili iwake yenyewe mashine inapowashwa, tumia systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, na usiuweke mkato wa --daemonize. Ukiuweka, tracd hujigawa na kwenda nyuma, na systemd, ikiona mchakato iliouanzisha umeondoka, huhesabu kazi imekwisha na kuua kilichobaki. Iache ikae mbele, weka Restart=on-failure, na kila njia ya faili iandike kamili kuanzia kwenye mzizi, maana huduma za mfumo huanzia kwenye folda ya mzizi na si pale ulipokuwa umesimama ulipojaribu kwa mkono.

Nakala rudufu. Hapa nataka unisikilize vizuri kuliko kote. Usinakili folda ya mradi kwa cp wakati seva inaendelea kufanya kazi, kwani unaweza kuikamata hifadhidata katikati ya kuandika. Trac ina amri yake:

trac-admin /srv/trac/mradi hotcopy /chelezo/mradi-leo

Folda unayonakili kwenda isiwepo tayari, la sivyo inakataa, kwa hiyo ndani ya skripti tia tarehe kwenye jina. Mimi niliiweka kwenye cron, kipanga ratiba cha mfumo, ikawa inakimbia kila usiku, nikalala usingizi wa mtu aliyefunga milango yote. Kisha diski ikafa. Nikazirudisha tiketi zote bila kupoteza hata moja, nikaiwasha tracd kwenye mashine mpya, na hakuna aliyeweza kuingia. Faili ya nywila nilikuwa nimeiweka nje ya folda ya mazingira, na hotcopy hunakili kilichomo ndani tu. Hazina ya msimbo wetu, ya Subversion, ilikuwa nje vilevile. Ilinusurika kwa sababu mwenzangu mmoja, mtu wa kushuku kila kitu, alikuwa na nakala yake bila kuniambia. Nywila za watu wote ilibidi zitengenezwe upya, moja moja, kwa simu.

Tangu hapo faili ya nywila naiweka ndani ya conf ya mradi, hazina ina skripti yake, na kila baada ya miezi michache naichukua nakala ya jana na kuiwasha kwenye poti nyingine ya kompyuta yangu. Uzuri wa tracd unaonekana hapo: kuijaribu nakala ni mstari mmoja. Ningekuwa na Apache nisingeijaribu, najijua.

Kuhusu matoleo, kama unaanza leo anza na Trac 1.6, iliyotoka mwaka 2023, kwa kuwa ndiyo ya kwanza imara kwenye Python 3. Yaliyotangulia yanataka Python 2, ambayo iliachwa rasmi mwanzoni mwa 2020. Isakinishe kwenye mazingira pepe yake (virtualenv), isichanganyike na Python ya mfumo. Ukipandisha toleo, tracd inaweza kukataa kufungua mradi mpaka uendeshe trac-admin na neno upgrade. Chukua hotcopy kwanza. Mabadiliko ya trac.ini huonekana bila kuizima seva, lakini ukiweka programu-jalizi mpya, iwashe upya.

Lini uiache? Mkifika watu wengi wanaoandika kwa wakati mmoja, badilisha hifadhidata kwanza, utoke SQLite uende PostgreSQL. Mara nyingi tatizo litaishia hapo na tracd itabaki. Ukitaka watu waingie kwa akaunti moja ya shirika zima, hapo ndipo Apache na mod_wsgi, moduli yake ya kuendesha programu za Python, zinapolipa usumbufu wake. Sababu ya kwamba "seva ya kweli" inapendeza zaidi siijumuishi.

Mstari niliomaliza nao ni huu, ukiulinganisha na ule wa siku ya nne:

tracd -s --hostname=127.0.0.1 --port=8000 --basic-auth="mradi,/srv/trac/mradi/conf/watumiaji.htpasswd,Mradi" /srv/trac/mradi