Mpangaji, Mti Wako Unataka Hewa Kabla ya Rutuba

"Dada, nimepanga chumba na sebule hapa Kasulu, nataka kuotesha ndimu na embe kwenye ndoo. Naomba uniambie udongo wenye rutuba zaidi naupata wapi."

Ujumbe huu uliingia kwenye simu yangu juzi usiku. Nimeamua kuujibu hapa kwa sababu wanaouliza swali hilohilo ni wengi, na wote wanaanzia palepale, kwenye rutuba. Mdogo wangu, rutuba utaiongeza wakati wowote, hata mti ukiwa umeshashika. Usichoweza kuongeza ni hewa. Ukishajaza ndoo udongo unaobanana, na mti ukaota humo, hakuna mbolea ya dukani itakayoufungua.

Najua kwa nini umetaja ndoo. Wewe ni mpangaji kama mimi, na mpangaji anayependa miti ana kidonda chake. Changu nilikipata Gungu, hapa Kigoma mjini. Nilipanga nyumba yenye ua mpana, mwenye nyumba akaniambia, "Panda tu mama, kwani mti unakula nini?" Nikapanda. Miembe ya dodo, mchungwa, mpera kando ya choo. Kiangazi chote, kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zirudi, maji nilibeba kichwani kwa sababu bomba lilikuwa linatoa upepo. Mchungwa ulipochanua mara ya kwanza nilipiga picha nikamtumia mama. Matunda yakiwa bado mabichi, mwenye nyumba akaja na maneno matamu: kijana wake anaoa, anaomba nyumba yake. Nikauliza, na miti yangu je? Akacheka kwa upole kabisa, akasema mti ukishaingia ardhini ni wa mwenye ardhi.

Nikahama. Msimu uliofuata nilipita pale nikakuta wapangaji wengine wamekaa kivulini mwangu wanamenya machungwa yangu. Huyo kijana wa kuoa sijamwona mpaka leo. Nimesamehe. Au niseme, nakaribia kusamehe.

Tangu siku hiyo niliamua kwamba mti wangu wowote lazima uweze kupanda kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, siku ya kuhama. Uamuzi huo ndio ulionilazimisha kufikiri juu ya udongo kuliko wenye mashamba wanavyofikiri, kwa sababu udongo ni mzigo. Ndoo ya rangi ya lita 20 ukiijaza udongo mtupu na kuimwagilia, unanyanyua kilo 30 au zaidi. Diaba la lita 80 hulisogezi bila vijana wanne, na vijana wanne Kigoma hawaji bure. Kumbe bahati nzuri ni kwamba kinachopunguza uzito ndicho kinachoingiza hewa. Mpangaji na mizizi wanataka kitu kimoja.

Wapo wanaodhani haya nimeyaokota mtandaoni. Tangu Kassim Majaliwa, akiwa Waziri Mkuu, asimamie kampeni ya kufufua michikichi mkoani kwetu mwaka 2018, bustani za miche zimekuwa nyingi, na mimi nimekaa kwenye bustani hizo nikijaza viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, kwa ujira wa siku. Nimejaza mpaka kucha zikawa nyeusi. Mchanganyiko wa bustanini kila mtu anaujua: sehemu tatu udongo wa juu, sehemu mbili samadi iliyooza, sehemu moja mchanga. Ni mchanganyiko mzuri na sitakaa kimya mtu akiutukana. Ila mche wa kiriba hukaa humo kwa muda tu, kisha unakwenda shimoni. Mndimu wa ndoo utakaa kwenye udongo uleule mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, ukimwagiwa maji karibu kila siku, na kila maji yakiingia yanasukuma chembe ndogo zikazibe nafasi kati ya chembe kubwa. Shambani kuna minyoo, mchwa, na mizizi ya magugu inayokufa na kuacha vijitundu. Kwenye ndoo hayo yote hayapo. Udongo mwekundu wa milima yetu hii, ambao shambani unabeba mahindi na maharage bila shida, ndani ya ndoo hugeuka tofali.

Halafu kuna maji yanayobaki chini. Hapa watu hunibishia mpaka wanatoka jasho. Chukua sponji ya kuogea, iloweshe, ilaze kwenye kiganja mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe wima. Itaanza kudondosha tena, na hujaikamua. Udongo wa kwenye chombo hufanya hivyohivyo. Hata matundu yawe mengi namna gani, sehemu ya chini kabisa hubaki imelowa chepechepe, na kina cha sehemu hiyo hutegemea ukubwa wa chembe za udongo, hakitegemei ukubwa wa ndoo. Chembe laini, maji yanapanda juu. Chembe kubwa, yanakaa chini kidogo tu. Ndiyo maana chombo kirefu ni bora kuliko beseni pana lenye ujazo uleule. Na ndiyo maana kokoto chini ya ndoo hazisaidii chochote. Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto. Yanasubiri juu yake. Umeweka kokoto inchi tatu, umesogeza ule uchepechepe inchi tatu karibu na mizizi, na umeongeza mzigo wa kubeba siku ya kuhama.

Mti uliokaa kwenye uchepechepe huanza kwa kunyauka wakati udongo umelowa. Majani yanapauka, mengine yanadondoka. Mwenye mti anadhani una kiu, anamwaga maji. Kesho yake anadhani una njaa, anamwaga mbolea. Huko chini mizizi inaoza kwa vimelea ambavyo wataalamu huviita Phytophthora, na jamii ya ndimu na machungwa ni dhaifu sana kwao. Ukiung'oa unakuta mizizi ya kahawia ambayo ngozi yake inachubuka ukiivuta kwa vidole.

Basi mimi nachanganya hivi, na kipimo changu ni kisado. Visado vinne vya maganda ya mpunga, yale magumu ambayo watu huchomea matofali, siyo pumba laini ya kulishia kuku. Vitatu vya udongo mwekundu wa juu, uliochekechwa mabonge yakatoka. Viwili vya samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu wala joto. Kimoja cha chenga za mkaa, zile zinazobaki chini ya gunia. Basi. Maganda ya mpunga huoza polepole kwa sababu yana silika nyingi, ndiyo maana nafasi za hewa zinadumu. Nusu ya maganda huwa nayachoma kidogo kwanza: moto wa kufuka, yakishakuwa meusi nayazima kwa maji kabla hayajawa majivu. Usiongeze majivu ya jikoni kwa kudhani ni mbolea ya bure. Majivu mengi hupunguza uchachu wa udongo, na mndimu unapenda udongo wenye uchachu kidogo; ukikosa uchachu huo majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Maranda ya mbao mabichi nayo yaache, yakianza kuoza yanakula naitrojeni ya mti wako.

Punje za mpunga zilizojificha kwenye maganda zitaota. Kuku wa jirani watakuja kuzitafuta na kufukua kila kitu. Weka mawe juu.

Kwa sisi wa mjini na Ujiji kuna kitu kingine. Makapi yanayobaki baada ya kukamua mawese yana nyuzi nzuri, lakini yakiwa mabichi yana mafuta na maji hayaingii. Yarundike nje mvua ziyapige kwanza. Maganda magumu ya mise, zile kokwa za michikichi, hayahitaji kusubiri. Nikikosa chenga za mkaa naweka hayo. Ile kokopiti, unga wa makumbi ya nazi, inayosifiwa na wenzetu wa Dar es Salaam ni nzuri, siikatai, ila ikifika huku mwisho wa reli bei yake imeshalipia nauli ya safari nzima. Mchanga, kama ni lazima, uwe wa mto na wenye chembe nene. Mchanga mwororo wa ufukweni unaziba tu matundu.

Shemeji yangu mmoja aliponiona nachanganya haya aliniuliza mbele za watu kama napanda mti au nazika takataka. Kwenye kundi letu la WhatsApp la wakulima, mtu anayejiita mtaalamu aliandika kwamba huo ni uchafu, siyo udongo, na watu wakamwekea vidole gumba. Sikujibu. Leo huyo shemeji akija kwangu Katubuka akapakuliwa samaki wetu mgebuka wa kuchoma na ugali wa muhogo, ndimu anaikata mwenyewe kwenye ndoo barazani. Na mama lishe wa barabarani ananunua kwangu, tena hutuma mtoto asubuhi kabla hajawasha moto, asije akakuta wengine wamechukua. Nasema hivi kwa kujivuna, ndiyo.

Usiniamini kwa maneno, pima. Jaza mchanganyiko kwenye ndoo ya lita 20 yenye matundu, umwagilie utulie, uache ujichuje. Kisha ziba matundu, mimina maji polepole mpaka yaonekane usawa wa juu, subiri kidogo. Weka beseni chini, fungua matundu, upime yanayotoka. Maji hayo yalikuwa yamekalia nafasi ya hewa. Yakitoka lita tatu mpaka nne, una hewa ya kutosha. Yakiwa chini ya mbili, rudi ukaongeze maganda kabla mche haujaingia. Hiki kipimo hakina gharama, na bado watu wanakiruka.

Na hapo ndipo huwa napandwa na hasira, mnisamehe. Tunataka matunda, hatutaki kupima. Tunalipia mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la mwingine, tunanunua ndoo yenye rangi ya kupendeza, halafu udongo tunazoa popote, nyuma ya nyumba, kwa jembe la kuazima, saa kumi na mbili jioni. Mti ukifa tunasema tuna mkono mbaya. Hakuna mkono mbaya. Mtu aliyekaa chini akachekecha udongo wake kwa subira ndiye anayekula ndimu. Kijana anayelia hana ardhi, naomba ajibu kwanza kama ameshindwa na ndoo moja ya lita 20.

Nirudi kwenye mada. Mchanganyiko mwepesi una gharama yake. Unakauka haraka, na mwezi wa nane upepo wa ziwani ukivuma utamwagilia kila siku. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Maji hayo hutoka na chakula, kwa hiyo lisha kidogokidogo na mara kwa mara: samadi iliyolowekwa na kuchujwa, au mbolea ya dukani ya NPK kiasi cha kijiko cha chai kwa ndoo, mwezi hadi mwezi. Ndoo iinue juu ya matofali ili matundu yapumue. Ndoo nyeusi ikae kivulini au ifunikwe kiroba upande wa jua la mchana, maana plastiki nyeusi huchemsha mizizi. Kiungo cha kubebeshea kibaki juu ya udongo. Kila baada ya miaka miwili au mitatu utaona udongo umeshuka, maganda yameoza. Toa mti, punguza mizizi ya pembeni, weka mchanganyiko mpya. Kujazia juu tu kunafukia shina, na shina la mndimu likifukiwa linaoza.

Sasa swali lako, mdogo wangu. Ndimu anza nayo hata mwezi huu. Embe inawezekana, ila tafuta mche uliobebeshwa, uanzie kwenye ndoo kisha uhamie kwenye diaba au nusu pipa, na uwe tayari kupogoa kila baada ya mavuno. Parachichi hukuuliza lakini najua utauliza, kwa kuwa uko Kasulu na unayaona yanavyobeba: kwenye ndoo liache. Mizizi yake haivumilii maji yaliyotuama hata kidogo.

Samadi kama bado ina joto, irundike sasa, uigeuze kila wiki, mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja zinakuta imepoa. Maganda ya mpunga wahi mashineni wakati watu wanakoboa, kuanzia mwezi wa sita hivi, wakati mwenye mashine anakuomba umwondolee. Ukichelewa, wafugaji wa kuku na wachoma matofali watakuwa wameyamaliza, na utaambiwa ulipie.