Unga mweupe kwenye bati la ndege ya Harvard

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana hapa Malindi. Tumekabidhiwa ndege ya zamani ya mafunzo ya kijeshi, Harvard, tuitengeneze kwa maonyesho. Imekaa nje miaka mingi. Bati limeota unga mweupe na rangi inabanduka. Fundi wa magari anasema tupige msasa bodi nzima mpaka ing'ae, kisha tupulize rangi mpya. Tutumie msasa namba ngapi?

JIBU: Wekeni msasa kando kwanza, tafadhalini. Kwa gari la chuma fundi wenu angekuwa sahihi, lakini bati hili ni alumini iliyochanganywa na shaba. Shaba ndiyo inayolitia nguvu, na ndiyo inayolifanya liliwe upesi na chumvi. Kwa hiyo kiwandani lilivikwa pande zote mbili utando wa alumini safi, mwembamba kuliko unywele. Msasa ukipita mara chache utando umekwenda, na hakuna rangi itakayourudisha.

Unga huo ni kutu ya alumini. Chumvi inayopeperushwa na kusi imejificha kwenye maungio na chini ya vichwa vya ribiti, basi anzeni na maji: ya bomba au ya mvua, si ya kisima cha karibu na ufuo, maana hayo yana chumvi yake. Tumieni sabuni laini na brashi ya nailoni, msuuze kutoka juu kushuka chini. Zibueni vitundu vya kutolea maji chini ya mabawa na mkia. Nyigu hupenda kujenga humo. Unga uliogoma ukwanguliwe kwa kijiti cha mwanzi. Brashi ya waya wa chuma marufuku kabisa: huacha chembe za chuma ndani ya alumini, na kila chembe huanzisha kutu mpya.

Bati likikauka, mulikeni tochi ubavuni, mwanga ulale juu yake. Mkiona mahali pamevimba na kufunguka matabaka kama kurasa za kitabu kilicholowa, kutu imeshaingia ndani. Hapo pigeni picha, andikeni ni wapi, msipaguse.

Rangi inayobanduka huenda imefunika namba na alama za zamani, na kwangu mimi hizo ni nusu ya thamani ya ndege. Hapa ndipo msasa una kazi: namba 1000, uliolowa, kwenye kidirisha cha ukubwa wa sarafu, tabaka baada ya tabaka, mkisimama kabla ya kufika kwenye bati. Praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, ya kijani-manjano ya enzi hizo mara nyingi ina kemikali iitwayo kromati, na vumbi lake huleta saratani. Kwa hiyo msisugue pakavu kamwe, na vaeni barakoa na glavu.

Saa za dashibodi, yaani vipimo vyenye mishale, msizifungue. Zile zilizong'aa gizani mara nyingi zilipakwa rediamu, madini yanayotoa mionzi ya hatari; mng'ao ukiisha mionzi bado ipo, kwani rediamu hupungua nusu kwa miaka 1,600 hivi.

Turubai la kubana halifai, hufungia unyevu. Jengeni paa la mabati, pande ziwe wazi kwa upepo, kisha pakeni nta juu ya bati safi na kuirudia kila mwaka kabla ya kusi kuanza. Na kabla hamjainyanyua kwa jeki, nitumieni picha za maungio ya mabawa na bodi.