Jibu: Ukuta wa matumbawe unalowa hata kiangazi

Ndugu, umeuliza kwa nini ukuta wa nyumba yako ya matumbawe hapo Lamu unalowa hadi kifuani hata kiangazi, na lipu ya saruji inabambuka. Chanzo ni vitundu vya jiwe. Tundu likiwa jembamba, maji hupanda zaidi: lenye nusu kipenyo cha milimita 0.1 huyapandisha sentimita 15 hivi; la mikromita 10 (milimita 0.01), karibu mita 1.5.

La pili watu hulisahau. Katika vitundu vyenye nusu kipenyo cha nanomita 5 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), mvuke hugeuka maji unyevu wa hewa ukiwa asilimia 80 tu, bila tone la mvua. Chumvi iliyomo ukutani nayo huanza kuyeyuka kwa unyevu wa hewa kwenye asilimia 75, na usiku wa pwani huvuka hapo mara nyingi.

Saruji ibandue yote, tafadhali. Inazuia maji kukauka, kwa hiyo yanapanda juu zaidi, na chumvi inaganda nyuma yake ikiisukuma. Kwangua viungo vya mawe kina cha sentimita 2, piga chokaa 1 kwa mchanga 3 (wa bara, si wa ufuoni), tabaka za milimita 10. Chumvi ikichomoza ifagie kavu. Ukiiosha inarudi ndani.