Usiuze sanduku lote kwa mkupuo

Ndugu yangu wa Moshi, nimekuelewa: marehemu baba ameacha sanduku la simu za batani, kaseti na doti za kanga, na mnunuzi wa vyuma chakavu analitaka lote kwa bei moja. Nakusihi usikubali kabla hujalichambua.

Thamani ya baadaye haitokani na umri peke yake. Simu ya kwanza ya iPhone, ya mwaka 2007, ambayo boksi lake halikuwahi kufunguliwa, iliuzwa mnadani Marekani mwaka 2023 kwa zaidi ya dola 190,000, ilhali zilizotumika hupata sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Kwa hiyo, kama Nokia ya mzee bado ina boksi, chaja na risiti, viweke pamoja. Betri itoe; na ikiwa imevimba, usiichaji wala kuitoboa, kwani inaweza kuwaka, bali mpelekee fundi.

Mimi ningetunza kanga kuliko vyote, hasa zenye picha au tarehe ya tukio la kitaifa. Doti ambayo vipande vyake viwili havijatenganishwa, pindo zake nzima na jina lake likisomeka vizuri, ifunge kwa kitambaa safi cha pamba na si mfuko wa nailoni, maana unyevu wa masika huleta ukungu. Kaseti chagua zenye sauti za ukoo tu.

Usiuze chochote kabla ya kukubaliana na ndugu zako. Kukiwa na mvutano, muone mwanasheria kuhusu usimamizi wa mirathi.